Mkwe Myahudi, ukweni Wakatoliki: yanayopaswa kusemwa kabla ya mahari

Mleta uzi (Mwanza)

Wanajukwaa, salaam kwenu. Uzi huu ni mrefu, kwa hiyo anayeusoma kwenye simu atafute kivuli kwanza. Nauandika kwa ajili ya vijana, hasa mabinti, ambao kazi za migodini, hospitalini, vyuoni na kwenye mashirika zimewakutanisha na wachumba wasio wa dini yao, na kwa ajili ya wazee watakaoketi katika vikao vyao vya posa. Ndoa ya Mkristo na Mwislamu tunaijua, na kila ukoo una njia zake za kuikubali au kuikwepa. Ndoa ya Mkristo na Myahudi ni habari nyingine. Mimi nililazimika kujifunza kwa sababu binti wa dada yangu, Mkatoliki wa familia ya Sengerema, aliposwa na kijana Myahudi wa Marekani aliyekuwa akifanya kazi hapa jijini. Nilikuwa mjomba wa binti, lakini kwa kuwa kijana hakuwa na ndugu hata mmoja huku, nilijikuta namsemea na yeye pia.

Wengi hudhani kikwazo kitakuwa chuki. Kwetu kilikuwa ni mapenzi yaliyotangulia ujuzi. Katika kikao cha kwanza shangazi mmoja alisimama akamshukuru Mungu kwa kuliingiza taifa teule katika ukoo wetu, na watu wakapiga vigelegele. Jirani wa kanisa la kiroho akaja na baragumu la pembe alilolinunua mjini, akamwomba mgeni alipulize ili nyumba ibarikiwe. Kijana alilipokea kwa mikono miwili, akatabasamu, akalirudisha. Tulipokuwa tukirudi jijini kwa kivuko cha Kigongo na Busisi (daraja halikuwa limefunguliwa bado, hilo ni la mwaka 2025), aliniambia kwamba watu wote siku ile walimweleza yeye ni nani, lakini hakuna aliyemuuliza anaamini nini.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema katika uzi huu wote: ugumu wa ndoa hizi kwa upande wetu unatokana na kudhani kwamba Wayahudi tunawajua tayari, kwa sababu tumewasoma.

Mleta uzi: Myahudi wa Biblia na Myahudi wa leo

Mkristo wa kwetu amelelewa na Ibrahimu, Musa na Daudi tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza, kwa hiyo akikutana na Myahudi huona amekutana na mtu wa nyumbani aliyebakiza hatua moja tu kufika alipo yeye. Myahudi hajioni hivyo hata kidogo. Hekalu la Yerusalemu lilibomolewa na Warumi mwaka 70, dhabihu zikakoma, na dini ikasimama upya juu ya sinagogi, nyumba ya mtu na mafundisho ya marabi (walimu wao wa dini) yaliyokusanywa katika vitabu vya Mishna na Talmudi. Anachokishika Myahudi wa leo, kiwe ni cha kupika, kuoa au kuzika, kimepita katika mjadala huo wa karne nyingi, wala hakichukuliwi moja kwa moja kutoka Walawi kama tunavyodhani. Yesu kwake si Masihi. Anapoulizwa lini atamkubali, yeye anasikia anaombwa kuwaacha wazazi wake, na zaidi ya hapo anakumbuka historia ya Ulaya, ambako mwaka 1492 Wayahudi wa Hispania walitakiwa kuchagua kati ya ubatizo na kuondoka nchini.

Wayahudi wenyewe pia hawafanani. Wapo wa Orthodox wanaoishika sheria kwa ukamilifu, wapo wa Conservative wanaoishika kwa kuirekebisha, wapo wa Reform wanaomwachia mtu nafasi kubwa ya kuamua, na wapo wengi wasiosali kabisa ambao bado ni Wayahudi kwa macho yao na ya wenzao. Huyu wa kwetu alilelewa katika Conservative, hashiki kila kitu, ila kitimoto hakigusi na Ijumaa jioni lazima mishumaa iwashwe. Mwulizeni mchumba wenu yeye ni wa wapi kati ya hao, kwa sababu jibu lake linabadilisha karibu kila kitu nitakachokieleza hapa chini.

Tena msimwone kama mtu aliyefanya jambo la ajabu kwao. Utafiti wa Pew Research Center wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba asilimia 42 ya Wayahudi wa Marekani walio katika ndoa wana wenzi wasio Wayahudi, na kwa waliofunga ndoa kuanzia mwaka 2010 idadi hiyo ni asilimia 61. Nambari hizo kwa baadhi ya familia zao ni habari ya kawaida. Kwa nyingine ni msiba, maana ni watu wachache duniani na kila ndoa ya nje wanaihesabu.

Mchangiaji (Bunda)

Mkuu, nakushukuru kwa uzi. Sisi Waadventista wa Sabato huku Mara tunafunga kazi Ijumaa jua linapozama, hatuli nguruwe, hatuli kambare. Sasa huyo mkwe wenu na mimi tunatofautiana nini cha kumpa mtu shida? Nauliza kwa nia njema.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Bunda, swali lako aliliuliza pia mama yake binti, alipoona mkwe anamaliza shughuli zote kabla ya saa kumi na mbili na nusu siku ya Ijumaa. Alisema kwa furaha, "Kumbe ni Msabato tu!" Mnafanana katika mengi ya nje, na kwa kweli familia za Kisabato za jirani zilimrahisishia maisha kuliko sisi Wakatoliki, kwa sababu hakuhitaji kuwaeleza kwa nini Jumamosi haendi sokoni. Lakini wewe unaishika Sabato ukiwa unamfuata Yesu, ilhali yeye anaishika kwa agano ambalo, kwa imani yake, halikuhitaji nyongeza. Ukimwambia mko sawa, umemwondolea jambo ambalo babu zake walilishikilia kwa gharama kubwa. Mwambie tu kwamba unaona mnavyofanana, kisha mwulize kinachobaki.

Mleta uzi: kufunga ndoa

Hapa nitapita haraka, kwa sababu taratibu zipo na mtu anaweza kuzifuata. Kwa Kanisa Katoliki, ndoa ya Mkatoliki na mtu asiyebatizwa ina kizuizi cha tofauti ya dini (Kanuni ya 1086 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983), na askofu anaweza kukiondoa. Kanuni ya 1125 inamtaka Mkatoliki aahidi kufanya kila awezalo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Ukatoliki, na mwenzake anapaswa kuarifiwa kuhusu ahadi hiyo. Asiye Mkatoliki haahidi chochote. Someni sentensi hiyo mara mbili, kwani nimeona wazee wakimtolea macho mkwe kana kwamba yeye ndiye aliyeapa. Ndoa inayofungwa hivyo ni halali, ila haihesabiwi kuwa sakramenti.

Kwa upande wa pili, marabi wa Orthodox na wa Conservative hawafungishi ndoa ya namna hii. Wale wa Reform kila mmoja huamua kwa dhamiri yake. Israeli kwenyewe hakuna ndoa ya kiserikali, kwa hiyo wenzi wa dini tofauti wengi husafiri kufunga ndoa nje, Saiprasi ikiwa mojawapo ya mahali wanapoenda sana. Sisi tuna bahati kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu ndoa ya kiserikali bila kujali dini, kwa taarifa ya siku 21. Hawa wetu walipata ruhusa ya askofu wakafungia kanisani bila Misa, na hiyo ilikuwa shauri la busara, kwa sababu Misa ingemweka bwana harusi mbele ya altare katika ibada ambayo hawezi kuitikia.

Mleta uzi: mtoto ni wa nani

Sasa tumefika penyewe.

Kwetu Wasukuma ng'ombe wakishatoka, watoto ni wa ukoo wa baba. Hilo halina mjadala hata kwa mzee aliyebatizwa utotoni. Kwa hiyo wazee wetu, baada ya kupokea mahari, waliamini kwa dhati kwamba wajukuu watakuwa Wayahudi, na baadhi yao walijigamba hivyo kilabuni. Lakini sheria ya Kiyahudi, kama inavyoshikwa na Orthodox na Conservative, inafuata tumbo la mama: mtoto wa mama Myahudi ni Myahudi hata baba awe nani, na mtoto wa mama asiye Myahudi si Myahudi hata baba yake awe rabi, mpaka aongoke kwa utaratibu wa baraza la watu watatu, kuzamishwa katika maji na, kwa mwanamume, tohara. Wareform wa Marekani waliamua mwaka 1983 kwamba mzazi mmoja Myahudi anatosha, awe baba au mama, iwapo mtoto atalelewa na kujitambulisha wazi katika dini hiyo.

Matokeo yake ni kwamba wazee wa Sengerema walikuwa wakimpeleka mtoto kwa baba, na marabi wa baba walikuwa wakimrudisha kwa mama. Kila upande, kwa sheria zake zenyewe, ulimpa mwenzake mtoto ambaye hakuwa amezaliwa bado. Niliposhika kalamu nikawachorea wazee jambo hili kwenye daftari, mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza swali lililokuwa la maana kuliko yote ya siku ile: "Basi mtoto huyo akiumwa usiku, ataombewa kwa jina la nani?"

Wachumba wenyewe walijifungia wakazungumza kwa muda mrefu, na sikuwaingilia. Waliporudi walisema watoto watabatizwa. Ni lazima nieleze uzito wa uamuzi ule kwa baba, kwa sababu upande wetu uliupokea kama habari njema na kupiga makofi. Jumuiya nyingi za Reform, ambazo ndizo zingeweza kumpokea mtoto wake, haziandikishi katika shule zao za dini mtoto anayefundishwa rasmi dini nyingine. Kwa kukubali ubatizo, baba alikuwa akikubali kwamba watoto wake hawatahesabiwa katika watu wake. Mama yake mzazi huko Marekani alilia kwenye simu. Hakugomba. Aliomba jambo moja tu, kwamba wajukuu wasifundishwe kuwa dini ya bibi yao ni ya zamani iliyokwisha muda wake.

Baba naye alitaja mambo yake mawili. Siku ya ubatizo atahudhuria lakini hatashika mshumaa wala kujibu maswali ya padre, kwa sababu hataki kusema uongo mbele ya Mungu wa yeyote kati yao. Na kila Ijumaa jioni mishumaa itawashwa nyumbani, mkate na divai vitabarikiwa kwa Kiebrania, na watoto watakaa mezani wakijua kwamba hiyo ni ibada ya baba yao. Shangazi yule wa taifa teule alipoiona meza ile kwa mara ya kwanza alinong'ona kwamba hiyo ni Ekaristi kabisa. Nilimgusa bega akanyamaza.

Tohara haikuleta shida niliyoitazamia. Kwa asili Wasukuma hatukuwa watu wa tohara, lakini miaka hii vijana wengi wa Mwanza hutahiriwa hospitalini. Mvulana wao alitahiriwa hivyo, bila ibada ya siku ya nane, kwa kuwa ibada ile ni ya kumwingiza mtoto katika agano la Ibrahimu, na wazazi walikwisha kuamua vingine.

Mchangiaji (Geita)

Shikamoo mzee wangu. Kwa nini wasimlee mtoto katika dini zote mbili, halafu akifika miaka kumi na minane achague mwenyewe? Naona ndiyo haki.

Mleta uzi

Marahaba, binti yangu. Watu wengi wanasema hivyo na wanasema kwa upendo, lakini mimi sikubaliani nao. Dini hizi mbili zina swali moja ambalo haliwezi kujibiwa ndiyo na hapana kwa pamoja, nalo ni Yesu ni nani. Ukimwachia mtoto achague baadaye, unamwachia achague kati ya baba na mama, na kila Krismasi atakuwa akipima nani ataumia. Ninachokiona kinafaa ni mtoto kuwa na nyumba moja ya ibada na kuijua ya pili kwa heshima, bila kuficha. Akikua akabadili, ni haki yake. Katiba yetu, ibara ya 19, inampa uhuru huo.

Mchangiaji (Kisesa)

Na wakiachana je? Nani anaamua dini ya mtoto?

Mleta uzi

Mahakama hutazama kwanza maslahi ya mtoto, kisha matakwa ya wazazi, maoni ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kuyatoa, na desturi za jamii yao. Katika amri ya malezi inaweza kuweka masharti, yakiwamo ya elimu na ya dini atakayolelewa mtoto. Ndiyo maana nawashauri wenzi waandike makubaliano yao mapema. Karatasi hiyo haimfungi hakimu, lakini inamwonyesha walichokitaka walipokuwa wakipendana.

Mleta uzi: jina la mjukuu

Hapa ndipo tulipokaribia kugombana kweli, na hakuna katekisimu iliyotuonya.

Babu wa Sengerema, shemeji yangu, alitaka mjukuu wa kwanza wa kiume awe somo wake. Ni haki yake, na kwa Msukuma ni heshima ambayo mzee huingojea kwa miaka. Baba wa mtoto alipolisikia jina aliduwaa, kisha akaomba muda. Yeye ni wa Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, ambao humpa mtoto jina la ndugu aliyekwisha kufa, kamwe si la aliye hai. Kumpa mtoto jina la babu aliye hai, kwa hisia za mama yake huko Marekani, ni sawa na kumwombea mzee afe. Wayahudi wa Sefaradi, wenye asili ya Hispania, wao huwapa watoto majina ya babu walio hai bila wasiwasi wowote, lakini habari hiyo haikumsaidia bibi wa Marekani.

Hebu fikirini hali ilivyokuwa. Mzee huyu anaona mkwe anamnyima heshima, na mkwe anaona anaombwa kumwombea baba mkwe wake mauti. Wote wawili wanampenda mtoto yule yule. Nilikwenda Sengerema nikakaa na shemeji chini ya mwembe wake, nikamweleza bila kuzunguka kwamba kijana anakataa kwa sababu anamtakia maisha marefu. Alikaa kimya sana. Baadaye akauliza kama jina la marehemu baba yake lingefaa. Lingefaa kabisa, kwa pande zote mbili. Siku hizi babu anamwita mjukuu wake "Baba", kama tunavyomwita mtoto aliyepewa jina la mzazi wetu, na mtoto ana pia jina la Kiebrania la babu wa baba yake, ambalo hutumika Ijumaa jioni tu.

Mchangiaji (Ukerewe)

Mzee, hii ya jina nimeipenda. Nakuja kwenye tumbo: huyo mkwe mlimpikia nini?

Mleta uzi

Samaki, ndugu yangu wa kisiwani, na kwa hilo Ziwa Viktoria limetubeba. Sheria yao inataka samaki mwenye mapezi na magamba, na magamba yawe ya kubanduka bila kuchana ngozi. Sato anafaa. Sangara anafaa, Israeli anauzwa madukani kwa jina la kifahari, Binti Mfalme wa Nile, na watu wanamla hasa. Kambare na gogogo hawafai. Kamongo magamba yake yamezama ndani ya ngozi, kwa hiyo naye anaachwa.

Nilikwenda naye soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi moja. Mama muuzaji alikuwa na minofu mizuri ya sangara iliyokwisha chunwa ngozi, akashangaa mteja anaikataa na kuomba samaki mzima. Kijana akainua sato, akasukuma gamba moja kwa ukucha wa kidole gumba kutoka mkiani kuelekea kichwani mpaka likang'oka, akamwonyesha. Mnofu bila ngozi hauonyeshi ulitoka kwa samaki gani, ndiyo maana hununui kwa maneno matupu. Mama yule alimwambia kwamba mumewe Msabato naye hana imani na wauza minofu, akamparua samaki huku wakicheka.

Nyama ni shida zaidi, kwa sababu inahitaji mchinjaji wao aliyefundishwa, na nyama halali ya bucha zetu haichukui nafasi hiyo. Mkwe wetu aliamua asile nyama awapo kwetu. Ilibidi niwaeleze akina mama kwamba kutokula kuku waliyemchinja kwa heshima yake si dharau. Nyama na maziwa havichanganywi, lakini kwa kuwa hali nyama, mtindi na ugali anavipiga bila wasiwasi. Senene wa Bukoba walizua mjadala wa kufurahisha, maana Walawi 11 inaruhusu aina fulani za nzige, ila Wayahudi wengi waliacha kuwala kwa kuwa hawana hakika tena ni aina zipi, na mapokeo ya kuwatambua yalibaki hasa kwa Wayahudi wa Yemen. Akaniachia sahani nzima, na sikulalamika.

Mleta uzi: Desemba na Ijumaa Kuu

Krismasi watu huikuza mno. Hanuka huangukia karibu na siku hizo lakini ni kumbukumbu ya kutakaswa tena kwa Hekalu mwaka 164 kabla ya Kristo, huadhimishwa kwa usiku nane, na si Krismasi ya Wayahudi. Baba alikwenda Sengerema Krismasi, akala, akacheza na watoto. Hakuimba. Hapakuwa na tatizo.

Ijumaa Kuu ndiyo nzito. Siku ile husomwa Mateso kwa Injili ya Yohane, ambamo neno "Wayahudi" linarudi mara nyingi, na waamini wote ndio wanaopaza sauti ya umati, "Msulubishe!" Mkwe alikuwa akibaki nyumbani siku hiyo. Kwa karne nyingi huko Ulaya, Juma Kuu lilikuwa wakati wa Wayahudi kufunga milango yao kwa hofu ya watu waliotoka ibadani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba mateso ya Yesu hayawezi kutwikwa Wayahudi wote wa wakati ule bila ubaguzi, wala Wayahudi wa leo. Kabla ya hapo, mwaka 1959, Papa Yohane XXIII alikuwa ameondoa neno la kuwashutumu katika sala ya Ijumaa Kuu. Mafundisho hayo yapo. Ila katika vigango vyetu sikumbuki kuyasikia yakihubiriwa.

Mtoto wao alipoanza kuelewa masomo, walipotoka kanisani alimwuliza mama yake kama wale Wayahudi wa kwenye somo ni akina bibi wa Marekani. Mama alimjibu pale pale uani, watu wakipita, kwamba Yesu alikuwa Myahudi, mama yake Mariamu alikuwa Myahudi, Petro na mitume walikuwa Wayahudi, na waliomsulubisha kwa mikono yao walikuwa askari wa Kirumi. Wiki iliyofuata alikwenda kwa paroko. Mwaka uliofuata paroko alitangulia kusema maneno machache kabla ya somo, akieleza Yohane aliandika katika mgogoro gani na Kanisa linafundisha nini leo. Alitumia dakika chache, na hakuna aliyelalamika kwamba ibada imerefushwa.

Mchangiaji (Musoma)

Mkuu, tusisahau pia kwamba Myahudi si lazima awe mzungu. Uganda, karibu na Mbale, wapo Abayudaya. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, aliingia katika dini hiyo mwaka 1919 pamoja na watu wake, na rabi wao Gershom Sizomu alipata daraja Marekani mwaka 2008. Mchumba wa binti zetu anaweza kutoka huko.

Mleta uzi

Umesema kweli, na nakushukuru. Tena hapo mazungumzo yatakuwa ya Waafrika wawili wanaojua maana ya ukoo, ng'ombe na jina, na pengine yatakuwa marahisi zaidi katika hayo na magumu zaidi katika mengine, kwa sababu jumuiya iliyojichagulia dini kwa shida haiwezi kuona watoto wake wakiondoka bila kuumia.

Mchangiaji (Magu)

Mimi sikubaliani na uzi mzima. Biblia inakataza kufungiwa nira na wasioamini. Mngemwambia kijana abatizwe au aondoke.

Mleta uzi

Ndugu yangu, msimamo wako unaheshimika, na marabi wa Orthodox watakuunga mkono kwa sababu zao. Mzazi anayeamini hivyo aseme siku ya kwanza, kabla barua ya posa haijapokelewa, wala asipokee ng'ombe akitumaini kwamba mkwe atabadilika baadaye. Ninachokikataa ni kumbatiza mtu kwa sababu anataka mke. Hata Kanisa halikubali ubatizo wa mtu mzima asiyeamini.

Mchangiaji (Ilemela)

Mjomba, na mazishi? Hapa kwetu, hospitali ya Bugando, maiti inakaa mpaka ndugu wa Dar wafike.

Mleta uzi

Hilo ndilo swali ambalo bado liko mezani. Desturi yao ni kuzika haraka, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili, mwili ukiwa umeoshwa na kuvikwa sanda nyeupe ya kawaida, bila dawa za kuhifadhi, katika jeneza la mbao lisilo na urembo. Hakuna salamu za mwisho za kumtazama marehemu na hakuna mashada ya maua. Baada ya kuzika, wafiwa wa karibu hukaa nyumbani siku saba na watu huwafuata na chakula. Matanga hayo tulielewana nayo mara moja. Makaburi yao ya Orthodox hayamzikii asiye Myahudi, ingawa kuna mengine yenye sehemu ya familia mchanganyiko. Yaliyo karibu nasi yako Nairobi, ambako kuna jumuiya ya Kiyahudi tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, lakini mpwa wangu anataka kuzikwa kando ya mumewe.

Wameandika wosia na kuuweka RITA, wakala wa serikali unaotunza wosia, na nakala moja ninayo. Mume ameandika kwamba akifia huku azikwe Sengerema katika kiwanja ambacho babu amekwisha kuwaonyesha, siku ya pili isipite, jeneza lisifunguliwe, na kamati ya msiba isinunue maua. Babu alisaini kama shahidi, baada ya kuuliza kama hata shada moja la ukoo haliruhusiwi na kujibiwa kwamba haliruhusiwi. Kilichobaki ni Kadishi, sala ambayo mtoto humsomea mzazi kwa miezi kumi na mmoja na ambayo inahitaji Wayahudi kumi wazima. Mwanza hatuna kumi, na mtoto amebatizwa. Ndugu wa mume aliye Marekani amesema ataisoma yeye kule. Mpwa wangu ameomba aandikiwe maneno yake kwa herufi za Kilatini ili naye ayajue, na mume bado hajampa jibu.